Mwalimu Bernadina Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Mwalimu Bernadina Qwaray ameitumikia Shule ya Sekondari Mbuga Nyeupe kwa miaka thelathini na mitano, tangu Januari 1991 hadi leo hii, Ijumaa tarehe 5 Desemba 2025, siku anayostaafu rasmi. Hilo neno "rasmi" lisomwe kwa sauti. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba mama huyu tumeshamuaga mara mbili. Desemba 2022 tulimuaga kwa keki na kiti cha kuegemea, Jumatatu akarudi. Desemba 2023 tukamuaga kwa pilau na godoro, Januari akarudi tena. Kiti kipo chumba cha walimu, anakikalia kila mtu isipokuwa yeye. Godoro lipo chumba cha wagonjwa cha wasichana. Kwa hiyo wageni wasishangae leo kuona watu wanapiga makofi huku wanatazamana.

Wasifu wa kwanza uliandikwa na mwalimu wa Kiingereza, wa pili na Makamu Mkuu wa Shule. Maneno yalikuwa matamu mno, na hapo ndipo tulipoharibu. Mtu ukimwambia mbele ya watu kwamba bila yeye shule ingekuwa zizi, anapata wapi roho ya kuondoka? Kamati ya sherehe ikakaa, ikaona safari hii kalamu apewe mlinzi wa geti, ambaye shule yake iliishia darasa la nne huko kwenye shamba la kahawa, na kusifia watu hajui. Nimepewa kazi moja: nihakikishe anaenda.

Tuanze basi. Bernadina ni mzaliwa wa Kainam, kule Mbulu. Alifika hapa akiwa msichana mwembamba, na sanduku moja, na sauti kubwa kuliko sanduku. Shule ilikuwa na madarasa mawili, choo kimoja na nyani wengi. Mkuu wa wakati ule nyani walikuwa wanamuibia chakula mezani na kumtazama wakitafuna. Bernadina walimwogopa kuanzia wiki ya kwanza. Akapewa kufundisha Jiografia, na kwa ajili ya ile sauti akapewa nidhamu ya wasichana, halafu nidhamu ya shule nzima, halafu kila kazi iliyokimbiwa na wenzake: bustani, kwaya, zamu ya maji, misiba, na kuwaambia wazazi habari ambazo wazazi hawataki kuambiwa. Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Na yeye hakusema. Ukimuuliza "Vipi, Mwalimu?" alikuwa anajibu "Nakuja," hata kama hakuna aliyemwita.

Leo hii kuanzia Daa hadi mjini Karatu hakuna ukoo usiokuwa na mtu aliyewahi kusimamishwa juani na Bernadina. Wengine wana vitambi sasa, wanaendesha wageni kwenda kreta, wanajua kusema "mchana mwema" kwa lugha nne. Wakifika getini kwangu wakaisikia ile sauti inatoka darasani, wanachomekea shati kwanza ndipo wanisalimie.

Lakini sifa zake zilikuja kuvuma hasa simu zilipoanza kuingia kwa wanafunzi. Enzi zile simu shuleni ilikuwa marufuku, na marufuku ilikuwa na miguu miwili na ilivaa raba. Simu alizitoa ndani ya mche wa sabuni uliochongwa katikati ukafungwa tena kwa maji ya moto. Alizitoa ndani ya mkate. Siku moja aliitoa ndani ya kibuyu cha maziwa mgando, imefungwa nailoni vizuri kabisa. Ile ya kibuyu ilijisaliti yenyewe kwa kulia. Mwenye kibuyu, kijana wa Loliondo, akasema, "Madam, ni maziwa yanachacha." Bernadina akamjibu, "Basi pokea, tusikie yanasemaje." Bweni zima lilicheka hadi matroni akaja kuuliza nani amekufa.

Hayo ndiyo maisha tuliyoyazoea, na ndiyo tuliyomuaga nayo mwaka 2022. Alikuwa ametimiza miaka sitini, magoti yameanza kulalamika, na nyumbani kwake Daa alikuwa na dada yake Sabina aliyekuwa ameshachoka kupika chakula cha mtu anayefika kimepoa. Tukala keki. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Emilian Hhando, akalia kidogo, kwa sababu naye ni zao la mama huyu, na ile bustani ya vitunguu aliipalilia kwa kosa la kuruka ukuta.

Jumatatu Bernadina akaja kuchukua vitabu vyake. Mkuu akamdaka mlangoni. Bodi ilikuwa imeamua kwamba kuanzia Januari, kwa majaribio, kila mwanafunzi aje na kifaa chake cha kidijitali, akitumie darasani: simu janja, kishikwambi, kompyuta mpakato, chochote alicho nacho.

"Madam," Mkuu akamwambia, "hakuna mwingine hapa anayezijua tabia za simu za hawa watoto. Wiki mbili tu."

"Emilian, maisha yangu yote nimewanyang'anya. Leo unataka nisimame mlangoni nizikaribishe?"

"Wiki mbili, Madam. Nakuomba kama mwanao."

Wiki mbili za Mkuu huyu nawaombea msije mkapewa. Zile zilikwenda mwaka mzima.

Mwaka ule wa vifaa mimi nauita mwaka wa waya. Barua ilipokwenda kwa wazazi, kila mzazi aliisoma kwa macho yake. Watoto wa mjini, wa madereva wa watalii na wa mahotelini, walikuja na vishikwambi vipana kama sinia. Baba mmoja wa Daa akamletea mwanawe redio ya betri, mpya, bado ina karatasi yake. Mwingine akaleta tochi yenye simu ndani yake, au simu yenye tochi, sikuelewa. Mzee mmoja wa Enguserosambu akaleta sola, paneli tupu, hakuna kifaa kingine, akaniambia, "Vifaa mnavyo nyinyi. Mimi nimeleta jua." Tulimcheka. Umeme ulipokatika juma lile lile, ile paneli ndiyo iliyobaki kuwa shule, na sisi tuliocheka tukapanga foleni.

Kibanda changu cha geti kilikuwa na soketi, kwa hiyo kikageuka kuwa hospitali. Asubuhi naamka nakuta nyaya zimetapakaa kama utumbo wa mbuzi siku ya Krismasi. Vumbi letu jekundu, ambalo halina heshima hata kwa askofu, likawa linaingia kwenye tundu la chaji, watoto wanalichokoa kwa miiba. Huyu bando limeisha, yule mtandao haushiki mpaka apande juu ya tangi la maji, na aliyepanda juu ya tangi la maji inabidi mtu amshushe. Mtu huyo mnamjua.

Kipindi cha dakika arobaini kilikuwa kinakatwa hivi: robo ya kutafuta chaji, robo ya kutafuta mtandao, robo ya "Madam, yangu imezima," na robo iliyobaki, kama Mungu yupo, Jiografia. Mapumziko Bernadina alikuwa anakuja kukaa kwenye lile jiwe la getini, anavua raba moja, anaangalia barabara. Siku moja akaniambia, "Mzee Wili, zamani watoto walikuwa mbele yangu, natafuta simu walizoficha. Sasa simu ziko mbele yangu, nawatafuta watoto." Akavaa raba yake akarudi darasani. Nilimwangalia anavyopanda ile ngazi, anapumzika katikati kana kwamba amesahau kitu. Hakuwa amesahau kitu.

Msidhani hakukuwa na raha. Siku moja alikuwa anafundisha mmomonyoko wa udongo, wakafungua ile ramani inayopigwa kutoka angani. Simel, kijana wa Arash, kule Loliondo, akapiga kelele, "Madam, boma letu!" Kweli, boma lilikuwepo, duara na zizi lake, na miiba yake. Basi kipindi kikafa. Kila mtu akataka kuona kwao. Wa Daa wanaona mashamba yao ya ngano, wanagombana mpaka uko wapi, wa mjini wanatafuta paa la nyumba yao. Bernadina aliwaacha. Mmomonyoko ungesubiri, umekuwepo siku nyingi.

Ila msichana mmoja alikuwa amegeuza uso ukutani. Anaitwa Sinyati Tajewo, naye ni wa Arash. Hakuwa na kifaa chochote. Simel akamwambia njoo uangalie, na kwenu kunaonekana, jirani kabisa. Sinyati akasema, "Sioni kwetu kwa kuazima." Bernadina alilisikia neno hilo, akalipeleka nyumbani Daa, na Sabina aliniambia baadaye kwamba jioni ile dada yake hakula.

Wasiokuwa na vifaa hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, na mwisho wa mwaka Bodi ikawaona. Wakaamua kwamba kuanzia Januari 2024 watoto hao wakae chumba chao, wafundishwe kwa chaki na ubao, wasije wakarudisha nyuma wenzao. Kwenye karatasi kiliitwa Mkondo B. Wanafunzi, ambao huruma yao mnaijua, wakakiita Zero Chaji. Uamuzi ulipita wiki ile ile tuliyokuwa tunamuaga Bernadina kwa mara ya pili. Alipiga kelele kwenye kikao, akaambiwa, "Madam, wewe sasa pumzika." Akala pilau yetu, akapokea godoro letu, akapumzika.

Januari akaja kuchukua kikombe chake. Nasema kweli, alikuja kwa ajili ya kikombe. Ni kile cha bati, cheupe, kimebanduka ukingoni, amekinywea chai tangu wakati wa nyani. Alikuwa anatoka nacho mkononi, na pale getini akamkuta Sinyati na sanduku lake la bati, anasubiri gari.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Madam."

"Shule imefunguliwa juzi."

"Nimepangwa Zero Chaji. Kama ni chaki, hata Arash ipo."

Bernadina alikalia lile sanduku. Mtu akikukalia sanduku huwezi kusafiri, hasa kama mtu huyo ni Bernadina. Gari likaja, likapiga honi, likaondoka. Akakaa. Nilimwona ameshika magoti yake yote mawili kwa mikono, kama mtu anayewaomba wazee wawili wamsamehe. Kisha akasimama, akanipa kikombe. "Nishikie, Mzee Wili. Narudi sasa hivi." Kikombe hicho kimekaa dirishani kwangu hadi juzi.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo, kwa ajili ya wageni wetu wa kutoka miji mikubwa. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Wengine anawaweka kwa watu. Wairaqw wanafanya hivyo, Wamasai wanafanya hivyo, hata kwetu Singida wazee walifanya hivyo. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, maziwa ni ya anayemchunga. Anayechunga si ombaomba, na mwenye ng'ombe hajidai, kwa sababu siku ugonjwa ukiingia kwenye zizi lake, atakayemwokoa ni yule aliyeko mbali.

Bernadina akasimama mstarini asubuhi iliyofuata, akauliza nani ana vifaa viwili. Mikono haikunyanyuka. Akasema, "Nimewanyang'anya simu miaka ishirini, mnadhani sijui?" Mikono ikanyanyuka. Wa kwanza alikuwa Hilary, mtoto wa dereva wa watalii aitwaye Sebastiani. Alikuwa na simu na kishikwambi. Sijui kama alinyanyua kwa ukarimu au kwa woga, ila alinyanyua, na kishikwambi chake kikawekwa kwa Sinyati.

Masharti aliyatoa pale pale, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Mwenye kifaa hakidai wakati kinakamuliwa, yaani muhula ukiwa katikati. Anayekichunga hataniwi. Na kikifa, ngozi iletwe. Hili la ngozi watoto walilielewa haraka kuliko Jiografia yoyote: ng'ombe wa mtu akifia kwako, unampelekea mwenyewe ngozi aone hukumuuza. Haikupita muda kijana mmoja akaja na vioo vilivyopasuka ndani ya mfuko wa maandazi. "Madam, nimeleta ngozi." Bernadina akavaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma kama bwana mifugo, akatamka kwamba marehemu amekufa kifo cha kawaida. Mwenye kifaa akacheka, yakaisha.

Zero Chaji ikakosa watu. Lakini ilikuwa bado ipo, meza zimepangwa, ubao umepakwa rangi, inasubiri.

Mwezi wa tatu nikasikia breki getini. Gari la watalii, lile lenye paa la kufunguka, na ndani yake Sebastiani, baba wa Hilary, amevaa kofia ya kampuni na uso wa polisi. "Mzee, niitie huyo mama. Kishikwambi nilimnunulia mwanangu, sikukinunulia kijiji." Nikajua kazi imekwisha. Baba huyu akiondoka nacho, kesho anakuja mwingine, keshokutwa wa tatu, na kabla ya Pasaka Sinyati na wenzake wamekalia zile meza. Nikamtuma mtu amwite Bernadina, na mimi nikaanza kulichelewesha geti, kazi ninayoiweza sana.

Kufuli likiwa bado mkononi, nikaona mzee mrefu, amejitanda shuka, anakuja kwa miguu kutoka stendi, na kondoo kwenye kamba. Huyo alikuwa Tajewo, baba yake Sinyati. Binti alikuwa amempigia simu akamweleza kwamba amewekewa kifaa na mtoto wa Karatu, na Tajewo akaona mtu hawezi kukaa na mali aliyowekewa bila kumjua mwenye mali. Amepanda basi Loliondo na kondoo. Kondakta alikataa, kisha akakubali, sijui kwa lugha gani.

Bernadina akatoka. Alikuwa anachechemea siku ile, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa. Nilidhani atamhutubia Sebastiani. Hakuwa na nguvu ya hotuba. Aliangalia huku, akaangalia huku, akasema tu, "Huyu ndiye mwenye ng'ombe. Na huyu ndiye baba wa anayemchunga. Salimianeni."

"Sopa," Tajewo akasema, na papo hapo akamwekea Sebastiani kamba mkononi. "Nimesikia umemwekea binti yangu, na hunijui. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpita njiani. Kuanzia leo wewe ni paker."

Kwa Wamasai, mkishapeana kondoo mmeacha kuitana majina. Wewe unamwita paker, naye anakuita paker, mpaka mmoja azikwe. Sebastiani hilo alilijua vizuri mno. Kila siku ya Mungu anawaeleza wageni mila za Wamasai kwa Kiingereza, na anapewa bakshishi. Siku ile mila ikamfuata getini ikiwa na miguu minne, na ilikuwa inamlamba kidole.

"Mzee wangu," akasema, "mimi hapa nimekuja kuchukua..."

"Chukua," Tajewo akamjibu. "Ni wako."

Nilitazama pembeni. Geti zima lilitazama pembeni. Sebastiani alisimama na ile kamba, anamwangalia kondoo, anamwangalia Bernadina, na naona alikumbuka kwamba hata babu yake mwenyewe alianza na ng'ombe aliyewekewa, maana huku kwetu ni wangapi ambao hawakuanza hivyo? Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Madam, sasa huyu nampeleka wapi? Nina wageni mchana."

"Pakia."

Akapakia. Kondoo alipita mjini Karatu ametoa kichwa juu ya paa la gari la watalii, na wale wageni, kwa maelezo ya Sebastiani mwenyewe, walimpiga picha nyingi kuliko tembo. Kishikwambi hakukitaja tena. Hao wazee wawili hupigiana simu kila Jumapili, na Sebastiani akiongea anapaza sauti makusudi, "Paker! Mvua zimenyesha huko?" ili watu wajue.

Kwa hiyo andikeni kwenye mafanikio: chumba cha Mkondo B hakijawahi kukaliwa na mwanafunzi. Bodi iliufuta mpango huo mwaka jana kimya kimya, na sasa tunahifadhi humo mahindi. Jiografia imepanda. Utovu wa nidhamu haujapanda, umebadili nguo tu.

Lakini aliyebeba ni yeye. Kuweka ng'ombe kunataka hakimu. Huyu kadai mapema, yule amerudishiwa kifaa chenye picha za msichana asiyemjua, huyu kamnyima mwenzake chaji makusudi. Kesi zote Bernadina, na darasa lake, na kwaya, na maji. Mwaka huu alianza kusinzia akiwa amesimama. Aliwaita watoto kwa majina ya baba zao, na watoto wakawa wanaitika, kwa heshima. Ngazi ile alikuwa anapumzikia mara mbili.

Mwezi wa saba, siku ya ukungu mzito, hata bendera huioni, akaja akakaa kwenye jiwe lake. Akasema, "Mzee Wili, nimechoka."

Miaka thelathini na mitano. Nimemsikia akisema nakuja, naenda, bado, subiri, nyamaza. Hilo sikuwahi kulisikia.

"Nenda basi, Mwalimu," nikamwambia.

"Nikienda, wa kuwaangalia ni nani? Sitaki nisikie kile chumba kimetolewa mahindi."

Hilo ndilo lililokuwa linamfunga. Kiti hakikumtosha, godoro halikumtosha, kwa sababu mtu hawezi kulala akiwaza Zero Chaji. Na sisi tulikuwa tunamnunulia vitu vya kukalia na kulalia bila kumuuliza anawaza nini.

Jibu amelipata mwezi uliopita. Kidato cha Nne walimaliza mitihani, Sinyati akaja getini na lile sanduku lake la bati, safari hii anakwenda nyumbani kwa haki. Mkononi alikuwa na kishikwambi, kimefutwa kinang'aa, kimefungwa kwenye kipande cha shuka. Akamkabidhi Hilary. Humo ndani alikuwa amejisomea kwa sauti yake mwenyewe madokezo yote ya Jiografia ya miaka miwili. "Ng'ombe wako huyo," akamwambia, "na ndama wake." Hilary hakukitia mfukoni. Alimwita msichana wa Kidato cha Pili, Nareyu, wa Enguserosambu, akakiweka kwake pale pale, na akamsomea masharti: hakidaiwi kikikamuliwa, hutaniwi, na kikifa nataka ngozi. Akaiga hadi ile sauti.

Bernadina alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Nilimwona anasubiri kuitwa. Alishavuta pumzi ya kusema. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyesema "Madam." Walimaliza wenyewe, wakaagana wenyewe, Sinyati akamkumbatia, akapanda gari. Na mama huyu akaenda kukaa kwenye jiwe lake akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Akavua raba, zote mbili.

Kwa hiyo leo anaweza kwenda, na nimesimama hapa kuzuia mtu asimrudishe. Mwalimu Emilian, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu wa kazi, lakini tangu jana nakuona unamzunguka na ule uso wako wa wiki mbili. Uache. Watoto waliobaki hapa ni wanao, yeye ameshawafundisha, sasa wafundishe wewe.

Zawadi ya safari hii ni kitanda, na kamati imejifunza. Hatukukileta ukumbini. Fundi alibeba mbao hadi Daa, akakiunga ndani ya chumba cha kulala, Sabina akiwa amesimama mlangoni na ufunguo. Ni cha mbao nzito, futi tano kwa sita, na mlangoni hakipiti. Nimejaribu mwenyewe na vijana wanne, kwa urefu, kwa upana, kwa ubavu. Hakipiti. Kikombe cha bati kimeoshwa, kipo kwenye stuli pembeni ya mto. Hapa shuleni hakuna kitu chako tena cha kuja kuchukua, Mwalimu. Jumatatu ukija, geti litakuwa limekwama, na fundi wa geti ni mimi.

Tunakushukuru kwa kila ulichotunyang'anya na kila ulichotuwekea. Maziwa tumekunywa. Sasa nenda ukalale, hadi jua likuchome usoni, na ukiamka usitafute raba.

Wilibrodi Msengi
Getini, kwa niaba ya wafanyakazi wote